Kigae Alichokihamisha Pimamaji

Mafundi wenzake ndio waliombandika jina la Pimamaji, kile kifaa cha kupimia kama sakafu imelala sawa, na likamganda mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Miaka thelathini na sita alipiga magoti kwenye sakafu za watu akibandika vigae, hadi magoti yenyewe yakamwambia basi. Akarudi nyumbani kupumzika. Kupumzika kwenyewe alikuwa hakujui. Alizunguka vyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akifunga bomba lililokwisha kufungwa, akinyoosha pazia lililonyooka.

Tabia yake moja ilijulikana kila alipofanya kazi. Akikuta kibarua amebandika kigae kombo, hakugomba wala hakusema neno. Alisubiri mwenzake aende kunywa maji, akakibandua, akakirudisha sawasawa, kisha akaendelea na shughuli zake kama si yeye. Wengine hawakugundua kamwe. Yeye aliita hiyo kusaidia, na ukimbishia ulikuwa unatafuta ugomvi wa bure.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikuwa na ncha kuliko sindano zake. Miaka mitatu nyuma presha ya macho ilianza kumla kimyakimya, na alipofika kwa daktari aliambiwa kilichopotea hakirudi, wakilinde kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Cherehani ikafunikwa shuka.

Sasa, hawa wawili walikuwa na saa kumi yao. Tangu watoto wakiwa wadogo, saa kumi jioni ilikuwa ya drafti, kwa vizibo vya soda, Pimamaji akichezea vilivyofunikwa, na mkewe, aliyemwita mama, vilivyolala chali. Mama alimfunga karibu kila siku na kumsimanga mpaka wakati wa kuingia jikoni. Macho yalipoharibika waliendelea, maana vidole vinatosha kujua kizibo kimelalaje. Mpaka siku moja mkono wa mama ulipita juu ya ubao, ukasimama.

"Kingi wako umemwacha wazi," alisema.

"Sikumwona."

"Asiyeona ni mimi, baba. Wewe umeniachia."

Mama akainuka. Hakucheza tena siku hiyo, wala wiki ile, wala miezi minane iliyofuata. Saa kumi ikifika alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, mikono mapajani, na mikono ile ambayo haikuwahi kukosa kazi ikatulia kama ya mgeni. Hicho ndicho kilichomnyima Pimamaji raha. Alimkosa mkewe, naye yuko hatua nne tu kutoka kwake. Alitaka arudi mezani, amshinde, amcheke. Zaidi ya hapo hakuwa na ombi.

Jibu lilimjia stoo, alipogeuza kigae cha zamani kutafuta pa kuweka rangi. Nyuma ya vigae huwa kuna mshale mdogo unaomwambia fundi upande upi uelekee mbele. Aliukodolea macho mshale ule kwa muda mrefu. Alichokuwa anakitaka ni fumbo. Katika drafti kuna mpinzani, na mpinzani anaweza kukuhurumia. Fumbo halina mtu wa kukuachia.

Kuanzia siku hiyo hakushikika. Alikata vigae kumi na sita, kila kimoja upana wa kiganja, akavisugua kingo mpaka visiweze kumkata mtu. Pembeni mwa kila kigae, pande zote nne, alibandika utepe: ama msasa, ama mahameli, ama uzi uliosukwa, ama mstari wa shanga, vyote, ukiacha msasa wake mwenyewe, akiviiba kwenye kopo la mkewe la mabaki. Kona moja ya kila kigae aliifyeka kidogo, iwe ndiyo mshale. Sheria zikawa mbili. Kona zilizofyekwa zote zikae juu kushoto. Na popote vigae viwili vinapokutana, msasa ukutane na msasa, shanga na shanga, hivyo hivyo mpaka mraba wa nne kwa nne ukamilike.

Kutengeneza kulikuwa rahisi. Alipanga mraba mzima kwanza, kisha akauvuruga. Kazi ilikuwa kuhakikisha hakuna jibu la pili, maana mkewe akipewa fumbo lenye milango mingi angeng'amua kuwa amewekewa la kitoto. Wiki mbili aliamka na vigae akalala na vigae. Akivuruga, akipanga, akivuruga, na kila alipofika mwisho alikuta jibu ni lile lile. Akaridhika. Hakufikiria kwamba mikono inayopanga ndiyo iliyopanga mara ya kwanza, na kila ilipokwama ilijua kwao ni wapi.

Alimpelekea na kinyozi wa mtaani, mtu anayejisifu kwa akili. Kinyozi alikaa nalo siku mbili, wateja wakingoja na sabuni kidevuni.

"Mzee, hii adhabu umeiokota wapi?" aliuliza, akimrudishia mfuko.

Pimamaji alirudi nyumbani kifua mbele. Saa kumi alimwaga vigae mezani mbele ya mkewe, akaeleza sheria.

"Jibu ni moja tu," alisema. "Naapa."

"Na ukiapa ndiyo mwisho?"

"Kinyozi limemshinda."

Mama alinyoosha mkono. Kisha akachukua kigae kimoja, akakizungusha, kidole gumba kikapita kwenye msasa, kwenye uzi, kwenye shanga. Akachukua cha pili.

Siku ya kwanza alivisoma tu, kimoja kimoja, bila kupanga chochote. Siku ya pili alianza mstari wa juu, akaubomoa mara tano. Pimamaji alikuwa hoi. Alikaa, akasimama, akaenda kuchungulia dirishani, akarudi. Alichemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kila mkono wa mkewe ulipopapasa kigae sahihi na kukipita, aliinuka tena kitini.

"Unapumua kama ng'ombe," mama alisema bila kuinua uso. "Nenda nje."

Alienda nje. Dakika mbili baadaye alikuwa amerudi, akipita kwa ncha za vidole kana kwamba mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo hazijui nyayo zake.

Siku ya tatu mstari wa juu ulikamilika, na ulikuwa wenyewe, kama alivyoupanga yeye. Furaha ilimpanda hadi masikioni. Mstari wa pili mama aliweka kigae cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu akaweka, akakigonga kwa ukucha kuonyesha ameridhika nacho, na hapo Pimamaji akainama kukitazama vizuri. Hakikuwa chenyewe. Kilikubaliana na cha juu yake kwa mahameli, kikakubaliana na cha kushoto kwa shanga, lakini mahali pale hapakuwa pake. Chenyewe cha pale kilikuwa kwenye rundo la kushoto, nacho kina mahameli juu na shanga kushoto vilevile. Angeendelea na kosa lile mpaka mwisho, akwame, akate tamaa, na basi, mezani asirudi tena.

Mama alisimama, akashika ukuta, akaenda msalani.

Tumseme Pimamaji kwa haki: alijizuia. Alitia mikono mifukoni. Alihesabu mpaka ishirini. Kisha mikono ikatoka yenyewe, kama ilivyotoka kwenye sakafu mia tatu za watu, ikainua kigae kile, ikakitupia rundoni, ikaweka chenyewe. Aliporudi mkewe, yeye alikuwa dirishani akiangalia mtaa kwa bidii ya mtu anayelipwa kuuangalia.

Mama alikaa. Vidole vyake vilipita mstari wa juu, vikashuka wa pili. Kimoja. Viwili. Kwenye cha tatu vikasimama.

"Nani ameingia humu?"

"Hakuna mtu."

"Kulia kwa hiki palikuwa na uzi. Sasa pana msasa."

Pimamaji aligeuka kutoka dirishani.

"Nilitaka kukusaidia tu, mama."

Mama hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali.

"Kila mtu humu ananisaidia," alisema. "Binti yako akija ananinyooshea kola mgongoni, anadhani sihisi. Wewe unanihamishia kikombe kisianguke, halafu mimi napapasa mezani kama mjinga. Hakuna anayesema. Hakuna anayegomba nami. Mnanipanga tu. Mimi sioni, baba, lakini nipo."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, na kila neno lilimfikia mumewe mahali pake. Alitamani sakafu ipasuke, yeye aliyezitengeneza sakafu zisipasuke.

"Ulikuwa umekosea," alisema hatimaye, kwa unyonge, maana hakuwa na kingine cha kujitetea.

"Kaa."

Alikaa.

"Mikono weka chini ya mapaja."

Akaweka. Mama alikitoa kigae kile cha msasa, akakisukuma pembeni. Akaingia rundoni, akakipata cha kwake kwa mguso wa tatu, akakirudisha. Kisha akaendelea, taratibu, pasipo kubahatisha. Ilionekana wazi kwamba vilivyobaki alikuwa amekwisha kuvipanga kichwani, na alichoinukia kwenda msalani ni haja tu, si kukwama. Cha nne kikakaa. Mstari wa tatu ukaanza kwa kigae ambacho kwa Pimamaji kilikuwa cha mwisho kabisa, kona ya chini. Alitaka kusema. Akauma ulimi. Wa tatu ukaisha. Wa nne ukaenda haraka, na kigae cha kumi na sita kilipoingia mama alikigonga kwa ukucha, akaegemea kiti.

"Kagua, fundi."

Aliinama akakagua kama alivyokagua sakafu zake zote, kiungo kwa kiungo, vyote ishirini na vinne. Msasa kwa msasa. Uzi kwa uzi. Kona zilizofyekwa zote juu kushoto. Alirudia tena kutoka chini kwenda juu, akitafuta walau kimoja kilichopishana, na moyo wake haukujua unataka kukipata au unataka kukikosa.

"Vipi?"

"Ni sawa." Alinyoosha mgongo. "Si langu. Lakini ni sawa."

"Kwa hiyo yapo mawili."

"Yapo mawili."

"Nawe ukaapa."

"Nikaapa."

Mama alicheka kidogo, lakini hasira ilikuwa bado haijamtoka, na hakuificha. "Ulikuwa unaliona la kwako tu," alisema. "Hebu nitengenezee jingine. La jibu moja kweli. Na nikikosea, niache nikosee."

Hili jingine lilimchukua mwezi mzima. Safari hii hakuiamini mikono yake. Alichora vigae vyote kwenye daftari, akajaribu kila kimoja kila mahali, akikata kwa kalamu kisichowezekana, mpaka kurasa zikaisha na jibu likabaki moja. Aliapa tena. Mama akamwambia kiapo chake akiweke.

Saa kumi jioni walikaa mezani. Mama alisoma vigae, akapanga, akabomoa, akapanga. Siku ya pili mstari wa juu ulikuwa tayari, na siku ya nne wa pili nao ukafuata. Pimamaji alikaa kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa amekwisha kuona, tangu kigae cha sita, kwamba kulikuwa na kosa, kosa kweli safari hii, daftari lilithibitisha, na kila kigae kilichofuata kilikuwa kinajengwa juu ya kosa hilo. Jana yake alishindwa kulala vizuri kwa sababu yake.

"Upo?" mama aliuliza.

"Nipo."

"Kuna kitu umekiona. Unapumua tena kama ng'ombe."

"Nimekiona."

Vidole vya mama vilisimama hewani kidogo. Angeweza kuuliza. Hakuuliza, na yeye hakusema. Akachukua kigae cha tisa, akakipitisha kidole kwenye shanga zake, akakiweka mahali pasipo pake, akakigonga kwa ukucha. Pimamaji alimwangalia akikiweka. Ilimuuma, na akabaki amekaa.