Nilimpiga baba wa mwanafunzi wangu, na siwezi kusema sababu

Admin, usiweke jina langu wala la shule, Bukavu ni ndogo. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na kidogo, ninafundisha dini na maadili sekondari. Nina mtoto mmoja tu, kijana, nimwite Murhula. Watu wamezoea kuniita mpole. Wiki hii hawaniiti hivyo tena.

Wakati wa vita ya pili ya Kongo nilikuwa mwalimu mpya, na mume wangu alifundisha hesabu katika darasa lililopakana na langu. Nilikuwa na mimba ya Murhula. Asubuhi moja, nikiwa katikati ya somo la amri za Mungu, waasi waliingia uwanjani na bunduki. Walitaka wavulana wa mwaka wa mwisho wakawabebee risasi msituni, upande wa Shabunda.

Mume wangu alisimama mlangoni pa darasa lake. "Hawa ni watoto wa watu," akawaambia. "Munichukue mimi, nitabeba."

Askari mmoja, kijana mwenye kovu la moto shavuni, alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno yalianguka sakafuni. Mume wangu akainuka, akarudi pale pale mlangoni. Yule kijana akamgeukia mkubwa wake, mkubwa akatikisa kichwa kukubali, na kijana akampiga risasi ya tumbo, kisha ya shingo. Nilikimbia, nikaiziba shingo kwa kitenge changu, lakini damu ilipita katikati ya vidole. Yule kijana akanikanyaga mgongoni na buti.

"Na wewe unafundisha nini?"

"Dini."

Akacheka. "Basi muombee, iko anaenda."

Mume wangu alifia mikononi mwangu. Wavulana walichukuliwa, na wengi wao hatujawaona mpaka leo.

Sikuolewa tena. Murhula alipokua alitaka kujua baba yake alikufaje, nikamweleza, hata kovu nikalitaja. Sasa anatengeneza pikipiki mtaani Nyawera. Ananiambia mara kwa mara, "Maman, siku nitamuona ule mutu nitamukata na panga, kisha nitajipeleka mwenyewe polisi." Hasemi kwa hasira. Anasema huku anakula bugali, kama mtu anayesema kesho ataenda sokoni. Mwaka jana alimvunja taya mpita njia kwa sababu tu alikuwa na alama ya moto usoni. Hakuwa yeye.

Katika darasa langu kuna msichana, nimwite Nsimire. Mama yake alishafariki. Ni mtoto wa kuuliza maswali mazito na kusubiri jibu. Aliniomba niwe mama yake wa kipaimara, wa kumsimamia kanisani, nikakubali kwa furaha. Ijumaa iliyopita baba yake alikuja shuleni kunishukuru. Nilikuwa darasani na wanafunzi, tunapanga viti. Akavua kofia, nikaliona kovu. Nywele zimeota mvi, lakini uso ni ule ule. Naye akanitazama, akanitambua.

"Maman mwalimu," akasema polepole, "ni mimi. Unisamehe."

Nilishika rula ya ubaoni, ile ndefu ya mbao, nikampiga nayo kichwani mpaka ikavunjika. Nikachukua kiti. Alipiga magoti na hakuinua hata mkono kujikinga. Jicho moja lilijaa damu. Nsimire akajitupa juu yake akilia, "Maman, munamuua papa yangu. Alifanya nini?" Kiti kilikuwa tayari kinashuka, kikampata Nsimire begani. Nikasikia mfupa ukivunjika. Ndipo nikaacha.

Baba yake alimwambia préfet, mkuu wetu wa shule, kwamba hana malalamiko. Lakini wanafunzi waliona, na wazazi wamekasirika. Préfet amenipa mpaka Jumatatu: nieleze sababu mbele ya wazazi wote, au niondoke.

Jumapili baada ya misa yule mwanaume alikuja kwangu, kichwa kimefungwa bandeji. Murhula hakuwepo; anajua tu kwamba niligombana na mzazi mmoja. Aliniambia waasi walimkamata kule Kamanyola akiwa kijana, baada ya kumuua kaka yake mbele yake.

"Lakini ile siku hakuna mutu alinishika mukono," akasema. "Ni mimi nilipiga. Sema kweli, maman. Nsimire hajui kitu, lakini mimi nitakubali mbele ya bote."

Nikamwambia ahame mji. Akajibu, "Mutoto nitamupeleka wapi? Njia zote iko na vita."

Nikisema ukweli, Murhula atausikia kabla jua halijazama, na najua atakachofanya. Mwanangu wa pekee ataoza gerezani, na Nsimire atabaki bila baba wala mama. Nikinyamaza, nitafukuzwa kama mwendawazimu anayevunja watoto mabega, na aliyeniulia mume ataendelea kuimba kanisani. Tena kuna jambo sijamwambia hata padri: kuna saa natamani Murhula asikie. Naamka, navaa, naenda kufundisha maadili, na ndani yangu naliona lile panga.

Jana Nsimire alikuja darasani, mkono umefungwa kifuani. Wenzake walipotoka akabaki.

"Maman, papa amekataa kuniambia," akasema. "Lakini siku ya kipaimara, bado mutasimama na mimi?"

Nikageuka, nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliomwagiwa damu ya wapendwa wenu kama mimi, nishaurini. Jumatatu nikisimama mbele ya wale wazazi, nifungue mdomo, au niufunge?