Bomba la Nyumba Iliyofungwa kwa Nje

Vita vilipofika Uvira, mume wangu aliwavusha watoto mpaka Bujumbura, mimi nikabaki na mama yake, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kukataa kutembea. Jirani yetu wa hapo mtaani Kilibula, kabla naye hajakimbia, alitufungia kufuli kwa nje. Mlango wa nyuma tuliukomea wenyewe. Askari wakipita, waseme hapa hakuna mtu.

Kumbe bomba la chumba cha nyuma lilikuwa linavuja. Maji yalipita chini ya ukuta mpaka barabarani. Niliogopa sana. Njaa ningeivumilia, lakini matope yale yangetuchongea.

Mume wangu ni fundi bomba, na spana zake zilibaki. Matone yalidondoka kwenye robine, ile koki ya kufungulia maji, lakini yeye husema maji hayaanzi pale yanapodondokea. Nikakausha bomba lote kwa kitambaa, nikalipaka majivu ya jikoni, nikangoja. Majivu ya kwanza kulowa yalikuwa juu ya robine, kwenye kona, kile kiungo kilichopinda, pale zinapoingia hesi za bomba, ile mikato ya kukazia. Nikazungushia spana vitambaa zisilie. Moja ikashika bomba, nyingine ikakaza kona kidogo kidogo mpaka robine ikatazama upande. Pakakauka. Nikajisifu, Mungu anisamehe.

Kesho yake buti zilisimama nyuma ya ukuta.

"Jana maji ilikuwa inatoka hapa," askari mmoja akamwambia mwenzake. "Leo iko kavu. Nani amefunga?"

Mwenzake alikwenda mbele, nikasikia kufuli ikitikiswa. Mama mkwe akanivuta karibu na mdomo wake.

"Rudisha vile ilikuwa, mwana."

Fundi yeyote atakuambia: hesi ukishaikaza usiirudishe nyuma hata kidogo, itavuja. Nikairudisha. Maji yakashuka, yakapita chini ya ukuta. Yule wa kufuli aliporudi akamcheka mwenzake, akasema bomba bovu ndivyo lilivyo, linavuja likitaka. Wakaenda zao.

Mume wangu aliporudi, amani ilipopatikana, alishika spana hata kabla ya kuketi. Nikamwambia akigusa kona ile nitarudi kwetu Lemera. Mama yake akasema atanifuata, kwa miguu yake ileile.

Basi, bomba linavuja mpaka leo. Siku maji ya mji yakikatika na chumba kile kikanyamaza, naacha kazi niliyoshika, nasogea ukutani kusikiliza kama kuna buti.