Chupa ya Dang'a

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini kwa mambo ya ng'ombe hakuna wa kunifundisha. Boma langu hapa juu ya Nkubu nimelijenga kwa mikono hii. Ndama akizaliwa, kabla hajakauka vizuri nishamkamulia mama yake dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, na nishamtia kidole mdomoni anyonye. Akiyakosa siku hiyo, utamzika. Hiyo naijua kama jina langu.

Kwa hivyo mke wa mwanangu alipojifungua kabla ya miezi kutimia, na mwanangu yuko kazini ng'ambo, nikaona najua la kufanya. Ng'ombe wangu alikuwa amezaa asubuhi hiyo hiyo. Nikajaza chupa dang'a, nikaifunga kwa sweta isipoe, nikaenda hospitali. Mke wangu angekuwa hai, angeenda yeye.

Nesi akanizuia mlangoni.

"Hiyo ni nini, mzee?"

"Dawa. Mpe mtoto."

Akafungua, akanusa. "Mzee, unataka mjukuu aote pembe?"

Sikucheka. Akaona, akaacha mzaha. Akanieleza polepole kwamba utumbo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni mwembamba kama karatasi iliyoloa. Maziwa ya kwanza ya mama yana vichocheo vya ukuaji. Ndivyo vinavyouambia utumbo ukue, ujikaze, uweze kupokea chakula. Ya ng'ombe yametengenezewa ndama, na mtoto kama huyu yangemuumiza.

"Hata matone tu yanatosha, tunampa kwa mpira mwembamba wa puani," akasema. "Lakini mama yake amekata tamaa. Ongea naye."

Nilimkuta ameketi kitandani, kikombe mkononi, kitupu.

"Baba, hayatoki. Ni matone tu, na rangi yake kama usaha. Nimeyapangusa na kitambaa."

Kwetu baba mkwe hazungumzi habari za maziwa na mke wa mwanawe. Nilitaka kumgombeza nitoke zangu. Badala yake nikamwambia jambo ambalo hata mumewe sijamwambia: kwamba kabla yake tulikuwa na mtoto mwingine. Mama yangu alisema yale ya manjano ni machafu, yamelala kifuani miezi mingi, na mke wangu akayakamua chini nyuma ya jiko siku tatu. Mtoto tukampa maji ya sukari. Siku hizo hizo mimi nilikuwa zizini namnywesha ndama dang'a, sitaki hata tone lianguke. Mtoto hakumaliza mwezi. Kilichomuua sikuambiwa, na sikuuliza. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Msichana akavuta kikombe karibu. Halafu akasema, "Geuka, Baba."

Nikageukia ukuta. Nilikaa hapo muda mrefu, nikihesabu mistari ya rangi iliyobambuka, mpaka akasema, "Mwite nesi." Kikombeni kulikuwa na manjano kidogo, hata kijiko hakijai. Nesi alikibeba kwa mikono miwili.

Tangu hapo nilienda kila siku na chupa ya uji wa mama. Ndani sikuruhusiwa, nikawa mtu wa benchi. Mtoto akatolewa mpira, akanyonya mwenyewe, akanenepa.

Siku ya kutoka, mamake msichana alikuja kutoka Gachoka akawachukua. Aliyejifungua hulelewa na wanawake, na kwangu hakuna mwanamke. Ni haki, sikubishana. Nyumba yangu ina vyumba sita na nalala kimoja.

Kila Jumapili msichana hunipigia. Hatuna mengi ya kusema, kwa hivyo huweka simu karibu na mtoto akinyonya, nami nasikia anavyomeza. Sisemi kitu, nisije nikamshtua. Simu ikikatika naenda zizini. Yule ndama aliyezaliwa siku moja na mtoto sasa amekuwa mkubwa. Nikimpa kidole, anageuza kichwa.