Kikombe cha Mursik Siku ya Mashine

Ile asubuhi mashine ya kuchuna chai ilipoletwa kwenye shamba la kampuni, mwanangu, naikumbuka kana kwamba ni juzi, na nimeona nikusimulie leo kabla hujatuharibia Jumamosi. Nimesikia ati huendi harusi ya binamu yako Kibet. Ati anaendesha mashine, na mashine imemwachisha mke wako kazi. Kaa hapo. Na hiyo simu weka mfukoni.

Wakati huo nilikuwa kijana, nina nguvu na maringo kidogo. Mama yangu alikuwa mchunaji. Alitulea katika nyumba za laini za kampuni, vile vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari, kikapu mgongoni, kipande cha plastiki kiunoni, mvua inyeshe isinyeshe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, hata Jumapili kanisani. Kila nilichokula kilitoka kwenye vidole hivyo.

Basi meneja akatuita vijana. Akasema wanunuzi wa ng'ambo wanataka chai ya bei ya chini, na kampuni isipopunguza gharama itafunga. Mashine yenyewe ilitoka nchi ya mbali, sijaijua mpaka leo. Inashikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, inapita juu ya chai ikinguruma, na majani yanaingia kwenye gunia kwa nyuma. Walitaka vijana wa mikono thabiti, nikachaguliwa. Nilifurahi, sikufichi. Kisha nyapara akatuonyesha pa kuanzia, na pa kuanzia palikuwa ploti aliyopangiwa Mama kuchuna.

Wamama walikuwa wamesimama kando ya barabara na vikapu vitupu, naye yuko mbele yao. Nikaweka mashine chini, nikamwendea.

"Mama, mimi naacha. Afadhali tulale njaa."

"Ukiacha, itarudi ilikotoka?"

"Hapana. Watampa mwingine."

"Basi ishike. Lakini jioni uje nyumbani. Usiende kujificha kwa marafiki zako."

Nilikata ploti ile nikilia. Kelele ya mashine ilinisaidia, hakuna aliyenisikia.

Jioni nilikuta nyumba imejaa wale wamama. Jirani yetu Mama Chelangat, mjane mwenye watoto wadogo, alisema bila kuniangalia, "Huyu akalale na mashine yake."

Wewe unajua, kwetu mtu akirudi nyumbani hupewa mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa kibuyuni. Mama aliinuka, akachukua kibuyu, akakitikisa, akanimiminia kikombe kikubwa. Nilikunywa nusu. Akaninyang'anya kikombe, akampelekea Mama Chelangat kile kile. Yule mama hakunyoosha mkono. Mama akabaki amesimama mbele yake, amekishika.

"Waliotuachisha kazi hatujawahi kuwaona," akasema. "Hawatakuja hapa tuwaulize. Lakini huyu nimemzaa mimi, na nyinyi mmembeba mgongoni. Tukimfukuza, tutakuwa tumewasaidia wale kutumaliza. Mtoto wako akiugua, nani atamkimbiza hospitali? Ni wale wa ng'ambo?"

Alisubiri. Loo, alisubiri mpaka mimi nikatamani kutoka nje. Mwishowe Mama Chelangat akapokea kikombe, akanywa, akaanza kulia, na Mama akalia naye.

Usidhani mambo yalikuwa rahisi baada ya hapo. Laini zilifungwa, majirani wakatawanyika, wengine mpaka leo sijui waliishia wapi. Sisi tukarudi hapa Roret kwenye kipande chetu kidogo. Mama alizeeka haraka. Asubuhi alikuwa akisimama mlangoni, mikono ikitafuta cha kufanya. Jambo hilo linaniuma bado, na sina hata mtu wa kumlaumu. Lakini Mama alipofariki, Mama Chelangat alikuja kutoka Sigowet, akalala kwetu mpaka siku tulipomzika.

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Dunia ya sasa ikikupokonya kazi, itatumia mkono wa mtu unayemjua. Anayeamua yuko mbali, haonekani. Anayeonekana ni Kibet. Hasira yako ni ya haki, wala sikukatazi kukasirika. Ipeleke kwa kampuni, kwa chama cha wafanyakazi, kwa yule kiongozi mliyempigia kura, na msichoke kuwasumbua. Usiimwage mlangoni kwa ndugu yako. Na hilo shamba lako, acha sehemu ya mahindi na nyasi ya ng'ombe, usipande chai mpaka chini ya dirisha ukingoja watu usiowajua wakulishe.

Jumamosi kuna kibuyu cha mursik cha kupeleka harusini, na mimi sina nguvu ya kupanda ule mlima nacho. Utanibebea. Ukifika, mpe Kibet anywe kwanza, kisha kikombe kile kile umpe mke wako. Asipokipokea, usimgombeze, ameumia. Simama hapo ukishikilie. Subiri.

Mungu aliyemtunza mama yangu kwenye mvua ya shamba lile akutunze na wewe. Akupe kazi ambayo hakuna atakayekupokonya, maziwa yasikauke kwako, na ndugu yako asiogope kamwe kubisha mlango wako. Haya, kalete hicho kibuyu nikuonyeshe kinavyoshikwa.