Maji Niliyoyarudisha Kwenye Chupa

Siku ya kwanza kazini niliripoti na kapu la chakula, utadhani nimepelekwa Ulaya. Nilitoka Newala kwenda Masasi tu. Mimi ni mtu wa nyumbani, na cheti cha kidato cha nne hakikunibadilisha. Msimamizi wa Kituo cha utafiti wa kilimo alilitazama kapu, akaniuliza kama nimekuja kazini au matangani.

Nilianza chumba cha udongo, nikichekecha na kupima. Soko huria lilipoingia, huko nje wanunuzi binafsi wakigombania korosho, kwetu wafadhili walileta mashine ya kuzidisha vinasaba. Ninyi vijana mmeizoea. Sisi tuliizunguka kama bibi harusi. Unasaga jani la muhogo, unachanganya tone la utomvu wake na dawa na maji safi ya maabara. Mashine inapasha, inapoza, inapasha tena, na vinasaba vya kirusi cha batobato, ule ugonjwa unaokunja majani, vinazidishwa mpaka vionekane kama mstari unaong'aa chini ya taa. Chembe ndogo tu inatosha. Hapo ndipo nilipoumbuka.

Mama Somoe wa Mnyambe, kwetu Newala, alikuwa na shamba la muhogo wa majani mazuri, mbegu aliyoachiwa na mama yake, na majirani walisubiri mbegu kwake. Tukapima. Dawa zilikuwa zinakwisha, hivyo tukaacha kuweka kichupa cha maji matupu, kile cha kuthibitisha kwamba vifaa havina uchafu. Vichupa vyote vikatoa mstari. Amri ikatoka: ng'oeni, chomeni.

Dawa mpya zilipofika tulirudia kupima majani yake tuliyoyahifadhi, sasa na kichupa cha maji matupu. Nacho kikatoa mstari.

"Maji yetu yameota muhogo?" aliuliza Mkuu wa Maabara, mtu wa kando ya ziwa. "Nani anayagusa?"

"Mimi, Mkuu. Yakibaki kwenye bilauri ya kazi, nayarudisha kwenye chupa."

"Humwagi? Kwa nini?"

"Yanakuwa bado safi, Mkuu."

"Kwenu wapi?"

"Newala."

Akavua miwani. "Swali hilo nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza."

Kwetu juu maji yalipandishwa kwa kichwa kutoka bondeni. Kumwaga yaliyobaki sikuwahi kufundishwa, na pipeti yangu, ule mrija wa kunyonyea, ilikuwa imeshayatia utomvu wa majani mengine yenye ugonjwa.

Tulipopima tena kwa maji mapya, majani ya Mama Somoe hayakutoa mstari. Nikatumwa Mnyambe mimi mwenyewe. Shamba lilikuwa jivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kung'oa na nyumba?"

Nikamweleza yote, macho chini.

"Kwa hiyo muhogo wangu ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, mama."

Akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa. Nilifika nusu, nikamrudishia. Akakipokea kikombe, akamimina yaliyobaki kwenye beseni la kuoshea vyombo, si mtungini, hadi tone la mwisho.

"Ungekuwa mgeni ningekufukuza," akasema.

Afadhali angenifukuza. Mbegu nyingine tulimletea kutoka Chiwata, ikazaa vizuri, lakini haikuwa ile ya mama yake.

Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani ninakokupenda. Vijana wa maabara hunitembelea kuuliza siri ya kazi. Nawaambia: mwageni maji. Wakimaliza kunywa, wananiona nikimimina mabaki yao kwenye beseni, wanacheka. Nami nacheka nao, huku nimeinamia beseni wasinione uso.