Skonzi za Dengu na Shemeji Aliyejua Yote

Kazini walimwita Gundi, na jina lilimkaa, maana hata siku za mapumziko vidole vyake vilikuwa na ngozi nyembamba ya gundi kavu ambayo aliibandua taratibu huku akiongea na watu. Alikuwa mjalidi katika kiwanda cha uchapaji. Karatasi zikitoka mashineni zimekunjwa, yeye na wenzake ndio waliozipanga kurasa kwa mfuatano, wakazishona, wakapaka gundi mgongoni na kuvisha jalada. Ilikuwa kazi ya kusimama. Viti vilikuwepo, lakini ukikaa, meza inakufika kidevuni.

Shule zikikaribia kufunguliwa, kiwanda huwa hakina mchana wala mapumziko. Vitabu vya wanafunzi humiminika, malori husubiri mlangoni, na saa ya chakula hukatwa hadi mtu anaungua ulimi kwa chai ambayo hana nafasi ya kuipoza. Katika msimu mmoja kama huo, Gundi alishikwa na kizunguzungu mbele ya mashine ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu ambacho hakijui tofauti ya kitabu na mkono. Msimamizi wake alimvuta nyuma kwa bega na kumpeleka zahanati.

Muuguzi alimuuliza amekula nini tangu asubuhi. Chai. Na jana? Chai na mkate. Muuguzi akavua miwani na kumweleza kwamba chai ni maji yaliyotiwa rangi, na mkate mweupe peke yake ni kulidanganya tumbo. Mtu anayesimama kutwa anahitaji chakula chenye protini, kama maharage, dengu, mayai, karanga, maziwa. Gundi alijibu kwamba vyakula hivyo vinataka sahani, kijiko na mahali pa kukaa, na kazini kwake hana hata kimoja.

"Basi vitie ndani ya huo mkate," muuguzi alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Jambo lilianza hivyo. Nyumbani kulikuwa na jiko la gesi lenye oveni, jiko kuukuu ambalo mumewe, fundi wa majokofu, aliliokota kwa mteja na kulifufua. Mlango wake ulifungwa kwa waya. Jioni Gundi alichemsha dengu zikaiva, akazipondaponda, akazichanganya na unga wa ngano, mayai, maziwa ya unga na karanga zilizosagwa, akatia hamira na kukanda. Alikata madonge ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, akayarashia ufuta na kuyaoka. Zilikuwa skonzi nzito kidogo, za rangi ya udongo mkavu, na mtu angeweza kula moja kwa mkono mmoja, imefungwa kwenye karatasi ili gundi isiingie mdomoni. Siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kizunguzungu kilikoma. Hata msimamizi aligundua kwamba siku hizi ukimsalimia Gundi mchana, anaitikia.

Lakini nyumba ile ilikuwa na shemeji.

Alikuwa mdogo wa mumewe, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja kukaa kidogo wakati akitafuta kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wahenga walisema. Huyu alikuwa amepita miezi na jembe hajaliona hata kwa mbali. Alichokishika ni vyuma. Alikuwa amejaza saruji kwenye makopo ya rangi, akayaunganisha kwa bomba, na kila asubuhi ungemsikia uani akihema na kuyaangusha mpaka vikombe kabatini vinagongana. Kila mtu alimwita Vyuma, na yeye aliitika kwa furaha, kama vile ni cheo.

Vyuma aliposikia neno protini jikoni, alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Alikuja na kiti, akakigeuza, akakikalia kinyumenyume, akaanza kufundisha. Dengu ni nzuri lakini hazitoshi. Aongeze yai. Karanga asizikaange sana. Sukari ya nini, shemeji, sukari inaua misuli. Gundi alikuwa amesimama tangu alfajiri, unga umemfika kwenye viwiko, na mtu aliyekaa ndiye anayemwambia jinsi ya kukanda. Alimwomba amsogezee bakuli la maji. Vyuma alilisogeza kwa mguu, bila kukatiza somo.

Hilo angelivumilia. Maneno hayali chakula. Shida ni kwamba Vyuma alikula kama alivyosema, bila kituo. Skonzi alizooka Gundi za wiki nzima ya kazi ziliisha kabla wiki haijafika katikati. Akimuuliza, shemeji alieleza kwa upole kwamba mwili ukishafanya mazoezi unadai, na dakika zile usipoupa, unajila wenyewe. Gundi akaanza kuzificha. Alizificha ndani ya sufuria kubwa ya wageni, akazikuta zimepungua. Alizificha kabatini nyuma ya mashuka, na binti yao, aliyekuwa darasa la tatu, akaja kumwambia kwamba baba mdogo amesema mashuka yananukia karanga. Alipomlalamikia mumewe, mume alijikuna kisogo na kutoa jibu alilolitoa kwa kila jambo tangu amjue: "Tutaona."

Ni mtu mwema, fundi wa majokofu. Hajawahi kugombana na mtu yeyote. Ndiyo maana wengine nyumbani walilazimika kugombana kwa zamu yake.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ile ya kupeleka mzigo mkubwa wa mwisho. Jioni iliyotangulia, Gundi alioka skonzi za kumtosha na akaziacha mezani waziwazi, akamwambia Vyuma, kwa herufi moja moja, kwamba hizi ni za kazini kesho, asiziguse. Vyuma aliweka mkono kifuani na kukubali. Alfajiri Gundi alikuta sahani ina ufuta tu. Akamwamsha. Shemeji alieleza, macho bado yamefumba, kwamba yeye hakula zaidi ya mbili. Zilizobaki aliwapa wenzake wa mazoezi waliopita jioni, kwa sababu alikuwa amewasimulia habari za skonzi hizo na wasingemwamini mpaka waonje.

"Walizipenda sana, shemeji," alisema, akavuta shuka.

Gundi alikwenda kazini na chai tumboni. Kazi ya siku ile haikuwa na huruma. Mpaka kufika mchana, kizunguzungu kilikuwa kimemrudia, lakini lori lilikuwa mlangoni, na hakuthubutu kuomba ruhusa. Alipaka gundi, akavisha jalada, akabana, akasogeza kwenye rundo. Akapaka, akavisha, akabana. Msimamizi alipofika kukagua, aliinua kitabu kimoja juu ya rundo, akakigeuza, akakigeuza tena. Akainua cha pili. Majalada yote ya rundo lile yalikuwa yamevishwa kichwa chini. Mtoto akifungua kitabu chake cha hesabu angeanza na jibu la zoezi la mwisho, tena limesimama kwa kichwa.

Msimamizi hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba wengine watabaki naye kuyabandua. Wakabaki. Wenzake waliokuwa na watoto wa kuchukua shuleni walibandua majalada pamoja naye, moja moja, kwa kisu butu na mvuke wa birika, na Gundi hakuweza kumtazama yeyote usoni.

Aliporudi nyumbani, Vyuma alikuwa kwenye kiti chake kilichogeuzwa, anamweleza binti yao tofauti ya misuli ya mkono wa juu na wa chini. Mume alikuwa amefungua redio ya jirani mezani na kuitazama ndani. Gundi hakuvua hata viatu. Alikwenda jikoni, akachukua pakiti ya unga, bati la hamira na mfuko wa dengu, akaviweka mbele ya shemeji yake.

"Kuanzia leo, utakanda wewe," alisema.

Vyuma alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akasema yeye hajui kupika.

"Protini unaijua. Hamira utajifunza."

Vyuma akamgeukia kaka yake kutafuta wokovu. Fundi wa majokofu aliinua uso kutoka kwenye redio, akafungua mdomo, na mkewe akamwahi: "Usiniambie tutaona. Mimi leo nimeshaona."

Yule bwana alifunga mdomo. Kisha alimwambia mdogo wake, taratibu, kwamba bakuli la kukandia liko kabati la chini.

Kumbe kukalia kiti na kufundisha ni kazi moja, na kukanda ni nyingine. Skonzi za kwanza za Vyuma hazikuumuka kabisa, kwa sababu alimwagia hamira maji yanayochemka na kuiua palepale. Za pili alizijaza dengu kuliko ngano, kwa imani kwamba dawa ikizidi inaponya haraka, zikatoka kama kokoto. Gundi alizibeba zote kazini na kuzitafuna. Alikuwa amejiapiza kutoingia jikoni, na kiapo hicho kilimtesa kuliko njaa. Kila jioni alikaa chumbani akisikiliza mayai yakipasuliwa vibaya, unga ukimwagika, kijiko kikianguka, na mikono yake ikimwasha. Alitaka kunyanyuka akamsukume pembeni. Mara mbili alifika mlangoni. Aliona mgongo mpana umeinamia bakuli, unga mpaka masikioni, akarudi kukaa, akiwa amekasirika kwa sababu ambayo hakuweza kuitaja.

Mama mkwe alipiga simu. Vyuma alikuwa ameshamlalamikia. Mama akaanza mbali, akauliza habari za kazi, za mtoto, za mgongo wake Gundi, kisha akasema amesikia mwanawe mdogo siku hizi anashinda jikoni na kwamba yeye, kama mzazi, hajalielewa jambo hilo. Gundi alishika simu kwa mkono mmoja, akafumba macho, akajibu kwa heshima zote kwamba ni kweli, mama, anaoka mikate, na mikate haiumuki. Gundi alijiandaa kusemwa.

"Anatumia maji gani?" mama mkwe aliuliza.

"Yanayochemka, mama."

Mama aliguna, guno refu la mtu aliyelea watoto wa kiume, akaomba apewe yule mpumbavu. Vyuma alisikiliza simu akiwa wima kama mwanafunzi, akiitika ndiyo mama, ndiyo mama, huku akiandika hewani kwa kidole. Mazungumzo yalikwenda hadi chai ikapoa. Alipokata simu alisema tu kwamba maji yanatakiwa yawe vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto, na kwamba mama amesema akimsikia tena anaonea haya kukanda, atakuja mwenyewe kumkandisha.

Haikuwa rahisi hata baada ya hapo. Kuna skonzi zilizoungua kwa sababu waya wa mlango wa oveni ulimgomea kufunguka, na kuna siku alisahau chumvi. Lakini polepole mikono ile iliyozoea kunyanyua saruji ilipata kipimo chake. Vyuma alikuwa na nguvu ya kukanda ambayo Gundi, baada ya kutwa ya kusimama, hakuwahi kuwa nayo. Alilikanda donge hadi likawa laini kama ndewe ya sikio, akalifunika, akalisubiri, maana muda alikuwa nao.

Mchana mmoja, katikati ya vitabu vya jiografia, Gundi alifungua karatasi na kuuma skonzi bila kufikiri. Akaacha kutafuna. Ilikuwa nyepesi, imechambuka vizuri ndani, dengu hazionekani ila ladha yake ipo, na karanga zimekaa mahali pake. Ilikuwa nzuri kuliko zake. Aliitazama kwa chuki, akaimaliza, akala nyingine.

Hakumwambia. Kumwambia Vyuma kwamba amefanya vizuri ni kuumwagia moto petroli. Lakini mume alimwambia, kwa kuwa mume hakujua kuficha neno jema, na tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Gundi akiingia jikoni kuchukua maji, anaambiwa asifungue mlango, unga unaumuka, upepo utauharibu. Akigusa oveni, anaambiwa bado, shemeji, bado. Alipangiwa chungu cha kuchemshia dengu na chungu cha kutogusa. Ndani ya jiko lake mwenyewe akawa mgeni, na mwenyeji wake alikuwa mtu asiyefua hata soksi zake.

Hatimaye Vyuma alipata kazi, ya kupakua mizigo katika ghala la vifaa vya ujenzi, akahamia chumba cha jirani pamoja na rafiki. Vyuma vyake vya saruji aliviacha uani. Gundi alifagia, akapanga vikombe vyake, akavuta pumzi. Kisha siku ya mapumziko shemeji akarudi na pakiti ya unga kwapani, akaulizia bakuli liko wapi, akalalamika kwamba limesogezwa. Akawa anakuja hivyo kila wiki, anaoka za kwake na za kina Gundi, anakula nusu, na kuondoka bila kuosha sufuria.

Kazini msimu mwingine ulianza. Msimamizi, ambaye siku hizo alikuwa na desturi ya kupita karibu na meza ya Gundi kila mchana bila sababu ya kikazi, alipewa skonzi moja. Akaila amesimama, akafuta ufuta kwenye masharubu, akauliza nani kazioka.

"Shemeji yangu," Gundi alisema. "Anazikanda kwa mkono, maji vuguvugu, hatii sukari kabisa. Duniani hukuti nyingine kama hizi."

Akasikia majivuno katika sauti yake mwenyewe. Akashika brashi yake ya gundi, akajitia anatafuta jalada lililopotea, na akabaki amekasirika mpaka jioni.