Mtoto Aliyeitwa Mama

Nakumbuka Jumamosi moja kule Mansfield, mwanangu, nikiwa bado kijana na mdomo wangu ukitangulia akili. Lian, muuguzi mwenzangu, alikuwa amejifungua msichana wa pili. Mimi na shangazi yangu tukampelekea uji wa wimbi na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, kama tunavyofanyiana sisi Wakikuyu, hata huku Texas.

Lian alizaliwa China enzi zile serikali ilipowawekea watu sheria ya kuzaa mtoto mmoja tu. Aliachwa sokoni akiwa mchanga, kisha wazungu wa hapa wakamchukua wakamlea vizuri. Hayo niliyajua. Lakini kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, wa pili la mama wa mke, na mazoea yana taabu. Nikampakata mtoto, nikacheka: "Wow, mama yako amerudi! Anaitwa nani?"

Lian akatazama dirishani. "Sijui anaitwa nani," akasema. "Mama aliyenilea nampenda sana. Lakini kila birthday yangu huwa najiuliza kama yule mwingine naye anakumbuka."

Shangazi akanifinya, na alijua kufinya. "Wewe! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Kisha akakaa kando ya Lian, akamwambia kwa Kiingereza chake cha polepole: "Msichana wangu wa pili ana jina la mama yangu, lakini mimi silitamki, kwa heshima. Namwita Mama tu. Jina halijapotea lote, binti yangu. Hilo la Mama unalo."

Lian akamwinamia mtoto. "Mama," akaita, akalia kilio ambacho nadhani kilikuwa kimemngoja tangu sokoni.

Leo msichana yule ana jina lake la shule, na ananipita kimo. Akichukua funguo za gari, Lian humwita kutoka jikoni: "Mama, rudi mapema!"

Basi, mwanangu, sheria hufutwa, lakini waliotenganishwa nayo huendelea kutafutana. Usimwambie aliyelelewa mbali ashukuru anyamaze. Mtu anaweza kushiba na bado akamtamani mamaye. Na wewe uliyemwacha mama yako Nakuru, mpigie simu leo, usingoje Krismasi.

Mungu akujalie mtu wa kumwita mama, na ukimwita, aitike.